Anayetufunga Ndiye Tunayemnunua

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe mkwe wangu ingia ukae, usisimame kizingitini kama mtu anayesubiri chenji. Karatasi uliyoniletea asubuhi nimesomewa yote. Unataka nitie sahihi kiwanja cha mazoezi kiuzwe ili umnunue yule mshambuliaji wa timu ya kiwanda cha sabuni aliyetufunga mabao matatu Jumamosi, na umesema kwa adabu kwamba jambo hili lisingoje kwa sababu dirisha la usajili linakaribia kufungwa. Kwamba na mimi nakaribia kufungwa hukusema, ila macho yako yalisema. Sitatia sahihi. Nitawaambia nani ataamua baada yangu, na nitawaambia kwa nini, maana mali inayorithiwa bila maelezo huzaa kesi.

Mambo mepesi kwanza. Kiwanda cha magodoro ni chenu wote watatu, sawa kwa sawa. Kifungua mimba wangu aendelee na mauzo, kwa kuwa ana ulimi wa kumuuzia godoro mlinzi wa zamu ya usiku. Kitindamimba asimamie malori, na asiyaazimishe kwa kila rafiki yake anayehama nyumba. Binti yangu abaki na chumba cha cherehani, ambacho hakuna mwingine kati yenu ambaye angekiweza. Mama yenu asihamishwe humu ndani kwa maneno makali wala kwa maneno matamu, na hayo matamu ndiyo ninayoyaogopa zaidi.

Sasa timu. Nyinyi mliikuta ina jezi na basi. Sisi tuliianza na wakata sponji wakati wa mapumziko ya mchana, nyuma ya kiwanda, mahali tulipokuwa tunatupa vipande, na aliyeanguka aliinuka na unga wa sponji kwenye nywele. Wakatuita Wana Godoro, wakasema tukiingia uwanjani tunalala. Tulipanda daraja na jina hilohilo, na wachezaji waliotupandisha walitoka hapohapo kiwanjani, pale mnapotaka pauzwe. Kisha dada yenu akaolewa na kocha mwenye cheti, timu ikawa mikononi mwa mumewe, pamoja na neno la mwisho kuhusu nani anunuliwe na nani aachwe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mazoezi anafundisha vizuri, hanywi, hachelewi, hawatukani waamuzi. Ninachohukumu ni soko peke yake. Wapo wanaomhukumu kocha kwa bei alizolipa, lakini bei humuumbua hata mwenye akili, kwani soko likipanda limepanda. Mimi nimejiuliza swali jingine, la mtu aliyenunua pamba maisha yake yote: huyu alimwona wapi kila mtu aliyemnunua? Jibu ni lilelile kila msimu. Alimwona akitufunga sisi.

Mkumbukeni Twiga. Alitufunga kwa kichwa kutokana na kona, na kabla jasho halijamkauka mkwe wangu alikuwa anatafuta namba ya simu ya wakala wake. Alipofika tukagundua kwamba Twiga hula krosi, na huyu huyu kocha alishapiga marufuku mipira ya juu. Akasimama mbele msimu mzima kama nguzo ya umeme katika mtaa usiofikiwa na umeme. Akaja kipa aliyedaka mashuti yetu yote siku moja. Siku ile washambuliaji wetu walikuwa wanampigia kifuani, hata mimi na kikohozi changu ningeyadaka. Akaja bingwa wa penalti, na alipokwisha kuvaa jezi ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba penalti zetu hupigwa na nahodha. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema waliotutangulia, ila sidhani walikuwa wamefikiria mtu anayenunua kidonda kilekile kila mwaka.

Ataniambia, na mbona beki wa kushoto? Kweli, beki wa kushoto ni mchezaji. Huyo hakumtaka. Wenzetu walimtupia ndani ya biashara ya yule kipa, kama mwuza nyanya anavyokuongezea ndimu, na ndiyo maana mashabiki wanamwita Nyongeza. Katika miaka yote hii, mtu mmoja aliyetufaa ni yule ambaye mnunuzi hakumwomba.

Na Kiberiti? Huyu kiungo mfupi alikulia kwenye kiwanja chetu, baba yake alikuwa mkata sponji. Mkwe wangu alimwachia aende bure, akasema hana takwimu. Timu ya sabuni ikamwokota. Mwaka uliofuata akatufunga, na mwisho wa msimu mkwe wangu akamnunua. Mmesikia vizuri: alimtoa bure, akamrudisha kwa pesa, na leo yuko benchi, kwa sababu tangu arudi kwetu hajatufunga tena. Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini huyu aliacha mbachao, akaulipia kuurudisha, kisha akaukunja na kuuweka uvunguni.

Nilidhani ni upofu wetu wenyewe, siri ya nyumbani. Nilipolazwa, mwenyekiti wa timu ya sabuni, yule mnayemwita Povu, akaja kunitazama na machungwa. Akamenya moja, akalila mwenyewe, kisha akaanza kucheka mpaka muuguzi akaja kuangalia nani anakata roho.

"Kaka," akaniambia, "sisi tukitaka kumuuza mtu hatumpeleki sokoni. Tunangoja mechi yenu. Siku hiyo penalti zake, faulo zake, na kila mpira apewe yeye. Jumatatu mkweo anapiga simu."

Nikamuuliza kwa nini ananiambia. Akasema kabaki mmoja tu wa kuuza, na huyo goti lake moja ni bovu, kama la kukodi, na kuuza bila mtu wa kucheka naye hakuna raha.

Wanangu, watu huuziwa mbuzi kwenye gunia, na tunawahurumia. Sisi tumeonyeshwa mbuzi mchana kweupe, akanenepeshwa mbele ya macho yetu, akarushwarushwa, nasi tukapiga makofi na kutoa pochi. Nilimwita mkwe wangu palepale wodini nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa heshima, akafungua kompyuta juu ya miguu yangu, akanionyesha mistari inayopanda. "Mzee, hizo ni fitina za wapinzani," akasema. "Takwimu hazina fitina." Nikamwomba jambo moja, aitazame mechi ya Jumamosi kama mtu aliyeambiwa.

Niliisikiliza redioni. Penalti ya kwanza akapewa mwenye goti. Ya pili akapewa mwenye goti. Bao la tatu, mwenzake alikuwa peke yake mbele ya nyavu, akaurudisha mpira nyuma amtafute mwenye goti. Mtangazaji alishangaa, akasema huu ni moyo wa kujitolea usioonekana siku hizi. Mimi nilikuwa nacheka, na mama yenu akadhani nimepata nafuu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu si guu lake litakalovunjika, anataka kununua ambalo limekwisha kuvunjika, tena kwa kiwanja changu.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Tizameni sasa namna nyingine ya kununua. Mtu akija kuomba kazi ya cherehani, dada yenu hamuulizi alikoshona wala hatazami cheti. Anampa kitambaa ashone upindo mrefu, kisha anamwambia aufumue wote na kushona upya. Anayefumua bila kununa anabaki. Ndiyo maana mafundi wake wanazeeka naye, na wateja hawarudishi foronya. Mumewe amekatiza chumba kile kila asubuhi akielekea kiwanjani, na hajawahi kuuliza, humu ndani mnachaguaje watu? Ya nini aulize. Chumba cha cherehani hakijawahi kumfunga bao.

Kwa hiyo kiwanja nimekiandika kwa jina la binti yangu peke yake, na neno la mwisho la usajili ni lake. Mkwe wangu afundishe; kununua, asinunue hata kamba za viatu. Na nyinyi ndugu zake wawili nimewasikia koridoni mkinong'ona kwamba mashabiki watavunja vioo asiponunuliwa yule wa mabao matatu. Vioo huwekwa vipya. Kiwanja kikishajengewa ghorofa hakirudi.

Binti yangu, sikuambii umwache. Mume si mchezaji, haachwi msimu ukiisha, na habari mbaya za nyumbani kwako sijasikia. Lakini namjua. Atakuja kwako na kompyuta hiyo, atakuita mama watoto, atakuletea chai ambayo hajawahi kukuletea, na wewe tangu utoto hukuweza kumwambia mtu hapana akikutazama usoni. Siku hiyo mimi nitakuwa chini. Ndiyo maana nataka nilisikie neno hilo leo, angali yuko mbele yako nami ningali na sikio.

Mkwe, muulize. Si mimi. Muulize yeye.

Naam. Mmemsikia: "Mke wangu, ni huyu mmoja tu, wa mwisho." Wote walikuwa wa mwisho, hata Twiga alikuwa wa mwisho.

Msimsemee. Kifungua mimba, mwondolee mkono begani, mwache ajibu mwenyewe. Tuna muda. Mimi ndiye mwenye haraka humu ndani, na nangoja.

Rudia, mama, sikio hili limeziba.

Mmesikia wote. Amesema, "Kiwanja hakiuzwi. Yule wa goti simtaki, na Kiberiti aanze Jumamosi." Amesema akitazama sakafu, si neno, macho yatainuka yenyewe. Na wewe mkwe funga mdomo, umeuliza na umejibiwa.

Yaliyobaki ni machache. Mechi isiahirishwe kwa ajili yangu. Povu akija msibani mpeni kiti cha mbele, chai na heshima, maana hakutuibia, alituuzia; ila asizungumze na yeyote kati yenu habari za wachezaji. Msigombane juu ya malori. Mama yenu... hilo nimeshasema.

Inamisheni vichwa. Mungu awape riziki isiyo na kelele, awape macho ya kumwona aliye karibu kabla hajaondoka, na watoto wenu wawasikilize kuliko mlivyonisikiliza. Na wewe mkwe, inama. Baraka hazichagui, zingechagua, hii usingeipata. Mungu akuweke, akufundishe... basi, akufundishe tu.

Pumzi imekuwa fupi. Washeni taa... la, acheni, nawaona. Huyu ni nani hapa chini ya mkono wangu? Ni binti. Vyema. Msiuondoe mkono. Uacheni hapo hapo.