Ukumbi Usiotoa Sauti

Kijiwe chetu kinatazamana na kile kiwanda cha nyuzi cha zamani, ambacho siku hizi ni ukumbi wa muziki, vioo vitupu na taa za kifahari. Mimi ndiye muuza kahawa, na sipendi mtu anayeng'ang'ania kikombe kimoja mchana kutwa. Jumapili ile alasiri Bobini, aliyezeekea kwenye mashine za mle, hata hicho kimoja kilimshinda. Bintiye alikuwa ndani, anaimba mbele za watu kwa mara ya kwanza.

— Kunywa bwana, inapoa, nikamwambia.

— Haishuki. Mbona kimya hivyo? Wameanza kweli?

— Wameanza, akasema Kinyozi, mteja wangu wa kila siku. Kuta wamezijaza sifongo. Hata ukichinjwa mle, huku nje hatusikii.

— Ulimi wako huo! nikamkemea.

— Ukweli mtupu. Tena nasikia zile kuta zinameza sauti. Mtu anaingia mwimbaji, anatoka bubu.

— Hebu tupishe huko!

— Haya. Na wale wafanyakazi waliokufa kwa moto kiwanda kilipoungua, unadhani wamehama? Leo wataitikia kiitikio.

Bobini akaweka kikombe chini. Kaka yake alikuwa mmoja wao. Walimkuta nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje. Nikamkata Kinyozi jicho, naye akajifanya anapangusa benchi.

Mara akaja Afande, mlinzi wa tangu enzi za kiwanda. Wenye ukumbi wamemrudisha kazini, wakamvika sare mpya.

— Nipe kahawa. Nimeshafunga.

— Umefunga nini, ndugu yangu? Bobini akauliza.

— Milango. Kengele ya kuanza imelia, nimeshusha makomeo yote kwa nje, kama zamani. Asitoke mtu na uzi wa kuiba.

— Uzi gani, we Afande! Mle kuna watoto wa watu wanaimba! nikamaka.

— Kazi ni kazi. Kengele ikilia tena, nafungua.

Mwanamke mmoja mgeni akatusogelea, tiketi mkononi. Alikuwa amechelewa, na mlango umemgomea.

— Shikamooni wazee. Samahani, wakigonga kutoka ndani, mtawasikia?

Bobini alikuwa ameshavuka barabara, anaupiga ule mlango kwa ngumi zote mbili, anamwita mwanawe, na komeo liko upande wake, mbele ya macho yake, halioni.