Mota ya Gari la Mikate

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, na kila alasiri hukaliwa na watu walewale. Yupo Jaji, ndiye huyo kinyozi. Hakuna jambo asilolitolea hukumu. Yupo Waya, fundi umeme. Na yupo Mikate, anayepeleka madukani mikate ya mkewe kwa gari kuukuu la mizigo nililomuuzia mimi. Siku hiyo alikuja na habari: gari linakunywa petroli kama lina kiu ya urithi, kwa hiyo Waya atalifungia mota ya umeme isaidiane na injini. Ili betri zipatikane, mkewe amekubali wauze tanuri lao la pili, na mnunuzi anakuja kulichukua jioni ileile. Nikainamia kiatu. Miaka mitatu kabla ya kuliuza gari lile niliuchomoa waya wa mita ya kilomita, lionekane halijatembea sana. Kila siku nasali, na kila siku nilikuwa nalirukia jambo hilo kama dimbwi.

Waya: Sikilizeni. Gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele. Ya nyuma yanasindikiza tu, kama wapambe wa bibi harusi. Nikiyafungia mota, nayo yatakula kwa jasho lao.

Jaji: Hukumu yangu, sawa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mikate: Chawa tena, kwenye gari la mikate? Usiniharibie biashara, kaka!

Waya: Petroli inaliwa zaidi gari linapoondoka na linapopanda mlima. Hapo ndipo mota inasukuma. Likishachanganya mwendo, injini inaendelea yenyewe. Na ukishika breki, mota inageuka jenereta, umeme unarudi kwenye betri.

Jaji: Unarudi wote?

Waya: Sehemu yake.

Jaji: Basi maji yakimwagika hayazoleki, lakini umeme unazoleka! Mikate, kazi yako iwe breki tu. Asubuhi breki, mchana breki.

Mikate: Na madukani nitafika lini?

Jaji: Mvumilivu hula mbivu.

Mikate: Mbivu, si yenye ukungu.

Kahawa ikazunguka. Jaji akapuliza kikombe chake, akaona mbali zaidi.

Jaji: Funga na feni juu ya paa. Gari likikimbia, upepo unazungusha feni, feni inachaji betri, betri inasukuma gari, gari linaleta upepo. Petroli utakuwa unainusa tu kwa jirani.

Waya: Hiyo feni italizuia gari, mzee. Mtu hawezi kujinyanyua kwa kujivuta masikio.

Jaji: Umewahi kujaribu?

Waya: Sijawahi.

Jaji: Basi usipinge ushahidi.

Mikate (macho yakimng'aa): Mimi naona mbali kuliko nyie. Siku moja injini naitoa kabisa. Palepale naweka tanuri. Mkate unaiva njiani, nikifika dukani unatoa moshi!

Waya: Tanuri lipi? Si linaondoka leo?

Mikate akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi muuguzi wa kliniki ya watoto, mguu mmoja peku, akisubiri kisigino cha kiatu chake nilichokuwa nakigongea misumari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa pale.

Muuguzi: Samahani, baba zangu. Kwa sasa, kabla ya hiyo mota, lita moja inalipeleka gari kilomita ngapi?

Waya akamtazama Mikate. Mikate akamtazama Jaji. Jaji akachungulia ndani ya kikombe chake.

Muuguzi: Nauliza tu. Sisi mtoto akiletwa tunampima kwanza, ndipo tunampa lishe. Usipompima, utajuaje kama amenenepa?

Mikate: Mita imekufa, dada. Nililinunua hivyo. (Akanigeukia.) Ndugu yangu, wewe umeliendesha miaka mingi. Enzi zako lilikuwaje?

Nilikuwa na misumari midomoni, sababu nzuri kabisa ya kutojibu. Nikaitoa mmoja mmoja, nikaipanga kwenye kifuniko cha gundi.

Mimi: Mita haikufa. Ni mimi niliyeuchomoa waya wake, nipate bei. Injini hiyo ni kuukuu kuliko ulivyodhani ulipoinunua. Huenda imechoka, na mota haitaiponya.

Mikate: Imetembea kiasi gani?

Mimi: Sijui. Hilo ndilo nililolifuta.

Jaji akafungua kinywa, Waya akamshika goti. Mikate akainuka, akasogea hadi kwenye kona na simu sikioni. Tulimsikia.

— Mama watoto, huyo mtu amefika? ... Mwambie asilibebe tanuri. ... Hapana, sijaghairi. Hatujapima. ... Nitakueleza nyumbani.

Nilimkabidhi muuguzi kiatu chake. Kifuani palikuwa pamepungua uzito ambao nilikuwa nimeshauzoea.

Mikate akarudi. Hakukaa. Akaniwekea ufunguo wa gari juu ya goti.

— Ingia chini ya dashibodi ukaurudishe ule waya, akasema. Mimi nitakushikia tochi. Safari hii nataka nione unachofanya.