Mzee Sikio na Gari Lisilonguruma

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye magari ya kiwanda chetu cha kufua mashuka ya hospitali, dereva mkuu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Sote tunamwita Mzee Sikio, kwa sababu hulisikiliza gari kwanza ndipo aliendeshe.

Alianza kama mpakiaji, akibeba marobota ya mashuka machafu, akapanda hadi kuwaongoza madereva wote. Chumba cha upasuaji hakikuwahi kumsubiri. Dereva mpya akikaza mikono, alimtania kwamba ameshika usukani kama sinia la uji wa moto.

Yanayofuata ameniomba niyaandike mimi, fundi wa umeme wa karakana, na nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kiwanda kilipoleta magari mawili ya umeme kwa majaribio, Mzee aliyaita pasi zenye magurudumu. Hoja alikuwa nazo: la petroli hujaa tenki kabla hujamaliza kusalimiana na watu wa kituo, na zahanati ya milimani haina pa kuchaji. Mimi nilitetea la umeme. Mizunguko ya mjini ni mifupi, kila jioni gari linalala uani kwetu, na mashuka safi hayatanuka petroli tena, jambo lililowachosha wauguzi.

Siku ya uzinduzi, mbele ya mkurugenzi na wafanyakazi wote, nililiwasha gari nikampisha. Aliweka gia, akatega sikio, hakusikia kitu. Akadhani limezimika. Madereva wetu wa zamani wana mazoea ya kukanyaga mafuta mara mbili ili kuiamsha injini, naye akakanyaga. Gari liliruka likabomoa kibanda cha mlinzi, ambaye kwa bahati alikuwa ametoka kuja kupiga makofi.

Mzee alishuka, akasema gari limeondoka lenyewe. Mkurugenzi akauliza nani aliliwasha. Nikasema ni mimi. Niliambiwa nikae nyumbani hadi uchunguzi uishe, na magari yote mawili yakafungiwa. Mzee alikuwa amesimama hapohapo, akanyamaza.

Mkewe amenisimulia jinsi alivyokuwa siku zile. Chakula hakikupita, na akiulizwa anasingizia tumbo. Kumbe aibu ilikuwa inamla. Alishaona haya kwa kukosea mbele ya vijana aliowafundisha, sasa akawa na haya kubwa zaidi, ya kumwona mtu asiye na kosa akikaribia kupoteza kazi.

Kwenye kikao cha asubuhi, mkurugenzi alipotangaza kwamba magari yatarudishwa na fundi ataachishwa, Mzee alisimama.

“Gari halina kosa, mguu ni wangu,” alisema. “Niliona haya, nikamtupia mtoto wa watu.”

Kisha akakaa. Walioshuhudia wanasema hakuna aliyecheka. Jioni alikuja kwetu kuniomba radhi. Mama alimkaribisha ndani, akagoma, akisema hastahili kiti.

Niliporudi kazini, aliomba nimfundishe. Aliliendesha la umeme mjini mpaka akalizoea, kisha akapendekeza mwenyewe: umeme kwa mizunguko ya kila siku, petroli kwa safari za milimani mpaka huko pawe na pa kuchaji. Ndivyo tunavyofanya sasa, na wauguzi wameacha kulalamika.

Lakini aibu ile hajaiacha. Akinikabidhi ufunguo anaangalia chini. Nimemwambia yameisha, anatikisa kichwa, haamini.

Basi Mzee wangu, wewe ulikiri mbele ya watu, na mimi nasema mbele ya watu: yameisha, nilikusamehe siku ileile uliyosimama mlangoni kwetu. Kiwanda kizima kinakushukuru, kinakuombea afya, usingizi mzito na wajukuu wasiokuchosha. Ijumaa ukija kuniaga, niangalie usoni.