Gideon Parsaoti Lemayian: Mchanja Ndama Aliyengoja Chanjo Yake

Ndugu na marafiki, mimi ni Wahome, kaka ya Mugure, mjane wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu. Wanaojua vile tulikuwa tukitaniana watanivumilia, kwa maana leo hayuko wa kunijibu.

Marehemu Gideon Parsaoti Lemayian alizaliwa tarehe 12 Machi 1969 hapa Mashuuru, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lemayian na Kokoo Soipan, ambaye tuko naye hapa mbele. Alianza shule akiwa na miaka tisa, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa na ndama wa kuchunga. Alimaliza darasa la nane mwaka wa 1985 na kidato cha nne mwaka wa 1989. Kisha alisomea afya ya mifugo na kupata cheti mwaka wa 1992.

Aliajiriwa na serikali hadi 2009, halafu akajitegemea kwa pikipiki yake. Kutoka hapa mpaka Kitengela, wengi wenu mlimjua kwa ile chanjo ya oltikana, ugonjwa wa kupe uliokuwa ukimaliza ndama bomani. Chanjo hiyo ni vidudu vyenyewe vya ugonjwa, vikiwa hai, na ndama anadungwa dawa ya kuvipunguza nguvu saa hiyo hiyo. Kwa hivyo marehemu alitanguliza themomita. Ndama akiwa na joto, alirudishwa nyumbani. "Mgonjwa hachanjwi," alisema, na hapo humwondoi hata ukimchinjia mbuzi.

Baba yetu, marehemu Mzee Gakuru, alijaribu. Parsaoti alikuja kwetu Kitengela mwaka wa 1997 na wazee wake kumposa Mugure. Baba, kwa ujanja wake, akasema kwa vile daktari wa ng'ombe amefika, basi amchanje yule ndama wa Friesian kabla ya chai. Parsaoti akavua koti, akapima joto, akasema hapana. Wazee wake walimkanyaga mguu. Akasema tena hapana. Baba alinuna mpaka chai ikapoa, kisha akamwambia mama, "Huyu hatatudanganya." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 na Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwezi wa Agosti 2024 alianza kuchoka na kutoka damu kwenye ufizi. Alipimwa Kitengela, akatumwa Nairobi, na huko akaambiwa ni lukemia, saratani ya damu. Alivumilia kemo, zile dawa kali za saratani, miezi sita. Nywele zilipoisha nilimwambia sasa amefanana na mimi, akasema hiyo ndiyo sehemu mbaya ya ugonjwa.

Februari mwaka huu damu yake ilionekana safi. Lakini daktari wake, Dkt. Waceke, alieleza kwamba chembe chache za saratani huweza kubaki zimejificha ndani ya uboho wa mifupa. Tarehe 4 Machi akatuambia kuna utafiti wa chanjo, na kwamba marehemu anaweza kuingia iwapo damu itabaki safi.

"Daktari, mgonjwa hachanjwi," marehemu alisema.

"Hii si ya kuzuia ugonjwa usiingie," Dkt. Waceke akamjibu. "Dawa imeshawapunguza adui. Chanjo inajaribu kuwafundisha askari wa mwili wako wawatambue waliobaki. Bado tunaipima. Siwezi kukuahidi kwamba itakuponya."

Akauliza maswali kama saa nzima: inawekwa kwa baridi gani, inadungwa mara ngapi, joto likipanda wanafanya nini. Niliona uso wake umefunguka. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Shemeji, niko na hamu ya kuingia."

Sasa nitasema jambo ambalo Mugure amelisoma kabla halijachapishwa, na amekubali libaki. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia ngoja kwanza, tusikubali kufanyiwa majaribio, tuulize watu wa kanisa, tuulize binamu yangu aliye ng'ambo. Nilisema hivyo kwa woga, na nikauita hekima. Yeye alikuwa amechoka, akaniachia. Wiki tano zikaisha tukiuliza watu wasiojua.

Tarehe 8 Aprili alisema inatosha, akaenda kutia sahihi. Walimpima damu kwanza. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na utafiti haungeweza kumpokea. Nilimfuata Dkt. Waceke kwenye korido nikamuuliza kama zile wiki tano zingemwokoa. Alisema, "Sijui. Hata chanjo yenyewe hatujui bado." Hakunilaumu na hakunifariji.

Marehemu alikubali damu na uboho wake vihifadhiwe kwa ajili ya watafiti. Nilipomwomba msamaha alisema, "Wahome, ulinipenda. Lakini siku nyingine mgonjwa akiulizwa, usijibu wewe. Mwache aulize, halafu ajibu mwenyewe." Akaniagiza niwaambie ninyi maneno hayo siku ya leo. Alifariki Ijumaa, tarehe 20 Juni 2025, saa moja asubuhi, Mugure akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Marehemu ameacha mjane wake Mugure; watoto wake Naisenya, Lemayian na Caro; mama yake, Kokoo Soipan; dada yake Tabitha; na sisi mashemeji wa Kitengela.

Mlio na mgonjwa nyumbani, mmesikia agizo lake. Mwenyezi Mungu ampumzishe Parsaoti, na mimi anisamehe.