Mstari wa Burul

— Nyoosha huo mstari, Shaarbek!

— Siunyooshi, dada.

— Unayumba kama mlevi! Watu wakija Jumamosi watasema wifi yangu hakujua kushika zulia.

— Waseme.

— Waseme? Marehemu hana mdomo wa kujitetea, we unasema waseme? Haya, kisu ninacho, naunyoosha mwenyewe!

Wasikilizaji wapendwa, hizo ni sauti za Shaarbek Osmonkulov na dada yake mkubwa, bibi Zuura. Nilizirekodi mimi, hapahapa Kochkor, Jumatano iliyopita. Nilikwenda kumhoji Shaarbek kuhusu maonyesho yake ya Jumamosi. Jumamosi hakuifikia. Alifariki Jumatano hiyohiyo mchana. Moyo. Alikuwa na miaka sitini na tatu.

Mnajua tunavyokata mazulia yetu ya sufu. Jeusi juu, jeupe chini, kisu kinapita yote mawili kwa pamoja. Halafu vipande vinabadilishana: vyeupe vinaingia kwenye jeusi, vyeusi kwenye jeupe, vinashonwa. Mmoja anakata, mwenzake anavuta sufu ikaze. Anayevuta akilegea, mstari unayumba.

Shaarbek alisomea uchoraji mji mkuu, enzi hizo ukiitwa Frunze. Alirudi na masanduku mawili ya rangi, akayatupa bandani. Alisema rangi inamwambia mtu mapema mno kitu ni nini. Akaingia kwenye kazi ya akina mama: kumwagia sufu maji ya moto, kuiviringisha kwenye mkeka wa matete, kuikanyaga. Wanaume wakamcheka. "Shaarbek, lini unajifunga kitambaa cha kichwa?" Naye: "Nasubiri cha mkeo kikauke."

Lakini kuna jambo moja lililowaudhi hata hao akina mama. Hakurudisha vipande. Alikata, akaacha matundu wazi. Hamna pembe ya kondoo, hamna ua, hamna sura ya mtu. Alitundika zulia shubiri moja mbele ya ukuta mweupe, basi. Ukiwa mlangoni unaona sufu nyeusi yenye matundu. Ukisogea, matundu yanakuja mbele na sufu inarudi nyuma. Ukitembea, kitu kinatembea nawe.

Mwanawe Kubat aliniambia: "Nilipokuwa mdogo sikupita chumba kile peke yangu. Baba anasema mle hamna mtu. Mimi nawaona."

Kwa miaka thelathini na moja Shaarbek alikata, na mkewe Burul alivuta. Shaarbek anakata, Burul anavuta. Likumbukeni hilo.

Sasa huo mstari. Ulikatwa Machi mwaka jana. Kubat alikuwepo. "Mama alilegea. Baba akafoka: Vuta, mwanamke! Umelala? Mama akasema, nimevuta, wewe kata tu. Lakini hakuwa amevuta. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha nguvu, na hakumwambia mtu."

Wiki ya tatu baada ya hapo, Burul alizikwa.

Zulia likabaki. Mstari unashuka umenyooka, halafu unatetemeka urefu kama wa mkono, unanyooka, unatetemeka tena. Shaarbek akalitundika, hakulipa jina. Mwalimu mmoja, mgeni hapa, alikuja kulitazama. Alisimama mlangoni. Akasogea. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akauliza kwa sauti ya chini: "Nani huyu amechoka hivi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Wasikilizaji wapendwa, maonyesho yalifanyika. Kisu kilikutwa mfukoni mwa koti la Shaarbek, na mstari haukuguswa. Bibi Zuura alikaa kwenye kiti chini ya zulia siku nzima. Kila aliyekuja, kabla hajauliza, bibi alimwambia: "Wifi yangu alikuwa anaumwa. Hatukujua."

Bibi Zuura, kaka Kubat, na nyumba yote ya Osmonkulov: poleni sana. Kochkor nzima iko nanyi. Na sisi wengine, leo tukirudi kazini, tumtazame anayeshika upande wa pili. Tumtazame mikono.

Hii ni sehemu iliyobaki ya ile sauti. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa.

— Niachie kisu, dada.

— Kwanza niambie kwa nini.

— Pale nilimfokea. Alikuwa ananiambia anaumwa, mimi nikamfokea. Ukipanyoosha, nitamsikia wapi tena?

Bibi Zuura anampa kisu. Shaarbek anakitia mfukoni, anavaa kofia yake, anaelekea bandani kwenye sufu zake.

— Shaarbek! Chai yako inapoa!

— Nakuja.

Akatoka, akafunga mlango.