Mama Ngoja na Matundu Niliyoyaziba

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Ngoja atavua ovaroli ya kampuni kwa mara ya mwisho. Amefanya kazi hii ya kufunga na kutunza majakuzi ya majumbani kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake, tena umesisitiza uwe mchangamfu. Nitajitahidi. Ila niseme mapema msije mkashangaa: kuanzia Jumatatu inayofuata mimi ndiye fundi mkuu, kiti chake nakalia mimi, na ninaogopa. Wengi wenu mmesikia habari za bibi aliyenusurika kufa ndani ya maji. Wachache mnajua kwamba aliyeyaandaa maji yale ni mimi.

Tuanze na mazuri. Mama alipoajiriwa, karakana ilikuwa chumba kimoja na stoo inayovuja. Mafundi wa wakati huo walidhani ameletwa kupika chai. Mwezi wa pili tu akakataa kuwasha jakuzi walilokwisha kulifunga. Walibisha, wakanuna, mwishowe wakafukua waya wa ardhi aliokuwa akiutilia shaka, ule wa kumeza umeme unaovuja, ili wamwaibishe. Waya ulikuwa mfupi kama kidole, umefukiwa kwenye mchanga kwa ajili ya kuwaridhisha wakaguzi. Tangu siku hiyo walimwachia spana zake, na chai wakapika wenyewe.

Jina la Ngoja alipewa na wateja. Mtu ameshavaa taulo, mguu mmoja uko hewani, anasikia nyuma yake, “Ngoja kwanza.” Hapo anapima umeme, anapima joto, anapima klorini, anakagua kufuli la mfuniko kwa sababu ya watoto, halafu anarudia kupima umeme. Mkurugenzi wetu aliwahi kualika wageni ishirini kwake waje kuona jakuzi jipya. Mama hakuridhika na swichi moja, akaondoka na fyuzi mfukoni. Wageni walikula wamelizunguka jakuzi baridi, wamevaa nguo za kuogelea, wanatazamana. Kuna bwana harusi naye alitaka kuingia majini na redio ya waya pembeni. Redio ile ilikaa garini kwetu wiki nzima, na kila alipokuja kuidai Mama alimwambia kwanza akaoe.

Tulimcheka jamani. Tulimwita mwoga, mbele yake na nyuma yake. Wala hakukataa. “Ndiyo, naogopa,” alikuwa akisema. “Maji na umeme vimelala kitanda kimoja, wewe mwenzangu huogopi?”

Mimi sikuogopa, na hapo ndipo penye kisa. Miaka sita iliyopita nilikuwa najiita bingwa wa joto. Kazi yangu ilikuwa kuzuia joto lisitoroke: sponji ngumu chini ya jakuzi, mablanketi ya karatasi za fedha ubavuni, mfuniko mnene unaokaa sawasawa bila kuachia hata mvuke. Nilitumwa kwa muuguzi mmoja mstaafu, bibi wa magoti mabovu, anayeishi na mwanawe na mkwewe. Mwanawe alikuwa amemnunulia jakuzi la mtumba, na bibi alilalamika kwamba akiamka anakuta maji yamepoa. Kioo cha jakuzi lile kilionyesha joto uliloagiza tu. Joto lililopo kweli majini hakikulijua.

Nilifanya kazi ile kwa mbwembwe zote. Nilivisha kila ubavu, nikapuliza povu kwenye kila upenyo. Chini kabisa, upande wa pampu, palikuwa na matundu manne madogo. Nayo nikayaziba. Sikujua kwamba pampu inapumulia pale. Mota ikizunguka kutwa inatoa joto lake, na joto hilo likikosa pa kutokea linarudi kwenye maji. Hita inaweza kuwa imezimwa, na maji bado yanapanda.

Kesho yake mchana Mama alikuwa anakula huku anasoma fomu zetu za kazi, kama kawaida yake. Alipofika kwenye yangu akasimamisha kijiko. Nilikuwa nimeandika kwa majigambo, “Nimeziba kila upenyo, hata matundu ya chini.” Akaniuliza niliziba lini. Jana asubuhi, nikamwambia, nikisubiri kusifiwa. Akanyanyua simu akapiga kwa bibi. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita hivyo hivyo. Mpaka leo simu ikiita muda mrefu bila kupokewa, natoka nje.

Tuliondoka mbio, dereva nikiwa mimi. Njiani alinieleza kwa sauti ya chini sana. Maji ya nyuzi arobaini na nne, alisema, hayamchomi mtu akapiga kelele. Yanambembeleza. Presha inashuka, kichwa kinakuwa chepesi, usingizi unakuja, kidevu kinateleza taratibu. Hakunitukana hata neno moja. Laiti angenitukana! Kila taa nyekundu niliiona kama imewekwa kwa ajili yangu.

Mkwe wa bibi alitufungulia geti akiwa na nguo mbichi begani. Alikuwa anaanika, simu ameiacha jikoni. Akatukaribisha kwa kicheko, “Karibuni, karibuni. Mama yuko nyuma kwenye maji, amelala raha mustarehe. Tusimwamshe jamani.”

Mama Ngoja alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, uso mwekundu, maji yanamgusa mdomo wa chini. Niseme ukweli mbele yenu wote: nilisimama kama nguzo. Mama alizima swichi kuu kwanza, hata pale alianza na umeme, ndipo akaingia majini na viatu vyake, akamkumbatia bibi kwa nyuma na kunipigia kelele nishike miguu. Tulimlaza sakafuni, tukamfunika vitambaa vya maji baridi. Mkwe alikuwa anaita, “Mama! Mama!” na mimi nilikuwa naomba kimya kimya niwe nimekosea nyumba. Kipimajoto kilisoma arobaini na nne na nusu. Muda ulipita, sijui dakika ngapi. Kisha bibi akafumbua macho, akauliza kwa hasira ni nani aliyemkatiza usingizi mtamu hivyo.

Alilazwa siku tatu, akarudi nyumbani, na mpaka leo yuko hai. Mimi nilikwenda ofisini nikijua sina kazi. Ripoti ya Mama ilikuwa fupi: fundi aliziba matundu, na msimamizi wake, yaani yeye, hakuwahi kumfundisha matundu hayo ni ya nini. Uongozi ulitaka nifukuzwe. Akawaambia, “Mkimfukuza huyu mtaajiri mwingine ambaye bado hajaogopa.” Basi nikabaki, na tangu siku ile nikawa namfuata kama mkia.

Pale pale ndipo ilipozaliwa ile sheria mnayoinung’unikia, kwamba kazi ya kuvisha jakuzi haihesabiki kuwa imekwisha mpaka fundi arudi kesho yake na kipimajoto mkononi. Naijua inavyochosha. Tunapoteza nusu siku, na wateja wanadhani tumesahau vifaa. Lakini kwa sheria hiyo tumekuta majakuzi mawili yakipanda joto kabla mtu hajaingia, na moja lilikuwa la nyumba yenye mapacha wa miaka minne. Mama amefundisha mafundi kumi na wanne, na hakuna hata mmoja wetu aliyezika mteja. Vikombe viwili vya tuzo ya usalama alivyopewa vimo kabatini, vimejaa skrubu.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, tulitarajia atasema friji. Akaomba jakuzi dogo la nyumbani, kwa ajili ya mgongo alioupinda miaka yote hiyo. Halafu akaongeza sharti: nilifunge na kulivisha mimi, peke yangu. Nyie mlipiga makofi. Mimi nilikwenda chooni nikanawa uso.

Nililifunga wiki iliyopita uani kwake. Matundu ya hewa nilimulika kwa tochi mara nne. Kesho yake nikarudi nikapima: thelathini na saba na nusu. Nikapima tena kwa kipimajoto kingine, kwani hata vyombo hudanganya. Nikamnyooshea fomu aikague, akampa mumewe aishike, akaingia majini. Akaegemeza kichwa, akafumba macho.

Jamani, nilishindwa kuondoka. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumtazama kidevu. Zikapita dakika kama tano, nikaita, “Mama?” Akaitika. Baada ya muda nikaita tena, akaitika. Nilipoita mara ya tatu mumewe akacheka, akaniambia, “Mwanangu, hebu mwache mama wa watu apumzike.” Na Mama, bila kufumbua macho, akamjibu mumewe, “Mwache aite. Ndiyo kazi niliyomwachia.”

Mama yetu, kwa niaba ya karakana nzima, ahsante kwa kutuogopea miaka yote hii tulipokuwa hatujui la kuogopa. Tunakuombea mgongo usiouma, wajukuu wenye adabu na asubuhi nyingi zisizo na haraka. Ninakuomba kitu kimoja tu: usiingie majini Jumatatu kabla ya saa mbili. Nitapita kupima.