Mzee Absalom Khaemba na Kaburi la Jasusi Mkota

Mzee Absalom Khaemba alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 karibu na Lwakhakha, mtoto wa pili wa Mzee Sifuna na Mama Nanyama, ambao wote wametangulia. Alitoka tumboni macho wazi, akaanza kukagua paa la nyumba kana kwamba limeandikwa kitu. Mkunga aliogopa, akafunga mzigo wake na kuondoka bila kunywa chai.

Wazazi walipohamia hapa Kibabii, alisoma shule ya misheni hadi mwaka wa 1953. Alichapwa mara nyingi kwa kosa moja: kila kitabu alianzia ukurasa wa mwisho. Alijitetea ati anataka kujua mapema ni nani atakufa, ili asimzoee.

Mwaka wa 1961 alihamia Kitale, akawa karani wa ghala la mahindi hadi alipostaafu mwaka wa 1993. Tarehe 12 Desemba 1964 alimwoa Nabwile, mama wa Nelima na Nakhungu. Siku hiyo mvua iliwanyeshea wageni wa bibi harusi peke yao. Wa bwana harusi waliketi kwenye jua wakila nyama. Walioona wako hapa, waulizwe.

Baada ya kustaafu alifungua kibanda Kibomet, hapo hapo Kitale, akawa anauza na kukodisha riwaya za mitumba. Zilizopendwa zaidi zilikuwa za Jasusi Mkota, mfululizo ulioanza wakati vijana wa leo hawajazaliwa, ukakataa kwisha. Kila Jumapili baada ya kanisa alizisoma kwa sauti, na ubishi ukaanza.

Daud, fundi wa nguo kutoka upande wa msikiti, alishikilia kuwa vitabu vya kwanza ndivyo vitabu. "Zamani Mkota alikuwa anaogopa kama sisi. Siku hizi anaruka kutoka ghorofa, anatua, anachana nywele. Mwandishi amechoka, bana."

Kibiwott, polisi mstaafu, alikuwa na lake. "Mimi nimeshika majambazi. Hakuna hata mmoja alisimama kunielezea mpango yake yote kabla ya kunipiga risasi. Jambazi huwa na haraka!"

Nabwile hakuwahi kukanyaga darasa, lakini masikio anayo. "Huyo Mkota sijasikia akila. Vitabu vyote hivyo, hata ndizi? Baba Nelima, huyo alikufa kitambo. Mnamsumbua tu."

Agosti 2003 kilikuja kitabu ambamo Mkota alizama ziwani na mwili wake haukuonekana. Marehemu alikuwa ameshasoma mwisho, kwa hivyo alianza kulia kwenye ukurasa wa kwanza, watu wakashangaa. Mtu ambaye mwili wake umepotea, kwetu huzikiwa mgomba. Absalom akasema Mkota amekaa kwake kuliko mashemeji, hawezi kuachwa bila kaburi. Wakaja hapa Kibabii, wakakata mgomba, wakauvika shuka, wakauzika nyuma kando ya ua.

"Kuzika mgomba dini yangu imekataa," Daud alisema. "Lakini mbuzi si mnachinja?"

Watu walicheka. Absalom hakucheka.

Novemba 2004 kitabu kipya kikafika: Mkota yuko hai, ametoka majini nguo zikiwa kavu. Daud alipiga makofi. Kibiwott alisema watoto wa mwandishi lazima wamefukuzwa shule kwa kukosa karo. Absalom alifunga kitabu.

"Kama yeye ametoka," aliuliza, "kwa ile shimo yuko nani?"

Alipokuja hapa kuangalia kaburi, udongo ulikuwa umeshuka, ukaacha bonde lenye urefu wa mtu mzima. Kuku hawakuparua pale. Mvua ikinyesha, maji yalisimama uwanja mzima isipokuwa pale, na aliyekaribia aliyasikia yakimezwa, funda kwa funda.

Mtu aliyekwisha kuombolezwa akirudi, huchinjiwa kondoo na kuoshwa kabla hajapita mlangoni. Kibiwott alileta kondoo. Kondoo alipatikana, mwenye kuoshwa hakupatikana. Wakaweka kitabu kizingitini badala yake. Kondoo alikitazama, akakata kamba, na mara ya mwisho alionekana akivuka mpaka kuingia Uganda.

Mei 2006 Absalom alivimba miguu, pumzi ikawa fupi. Madaktari wa Kitale walisema ana maji kwenye mapafu. Mzee ambaye hakuwahi kuona ziwa! Alitibiwa, akarudishwa nyumbani. Wazee wa ukoo, wakiongozwa na mdogo wake Khisa, wakaanza kunong'ona sebuleni: kaburi lipo, halina mtu; siku ikifika alazwe pale ili linyamaze. Ukuta ni mwembamba. Aliwasikia.

"Msinilaze pale, mama Nelima," alimwambia mkewe. "Nikiingia kwa shimo ya Mkota, nitakuwa Mkota. Yeye atazunguka, na mimi hakuna mtu atajua nilikuwa nani."

"Nyamaza upumzike. Jembe iko kwangu."

Alifariki Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2006, saa nane mchana, jua likiwaka. Shuka lake lilikuwa limelowa, na lilinuka tope.

Khisa hakulegeza msimamo. "Shemeji, shimo haiwezi kukaa bila mtu. Itachukua mwingine."

"Basi ingia wewe, Khisa. Si ni wewe unaionea huruma?"

Khisa alitazama viatu vyake, na wazee wengine wakatazama vyao. Jana kaburi jipya lilichimbwa kando ya mama yake, Nanyama. Wachimbaji wanasema udongo ni mkavu hadi chini.

Marehemu amemwacha mjane wake Nabwile; watoto wake Nelima na Nakhungu; wajukuu; mdogo wake Khisa; na marafiki zake Daud na Kibiwott, ambao hadi asubuhi ya leo bado wanabishana kuhusu Mkota.

Familia inawaomba waombolezaji jambo moja. Unapotupa udongo, usiseme "mzee", usiseme "marehemu". Taja jina lake lote kwa sauti, hata kama koo limekauka, kwa maana kule nyuma kando ya ua kunasikiliza, na hatutaki kosa.

Absalom Khaemba, mwana wa Sifuna: hapa ndipo pako. Lala.